Umepandisha kerneli: nini hasa kijengwe upya?

Swali ninaloulizwa sana ni kama kila programu ijengwe upya (itafsiriwe tena kutoka msimbo wake) baada ya kerneli ya Linux, kile kiini cha mfumo, kupanda toleo. Hapana. Kivinjari, hifadhidata, hata glibc (maktaba ya msingi ya C), vyote huongea na kerneli kupitia miito ya mfumo, yaani maombi rasmi ya huduma, na hapo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ni mkali: mabadiliko ya kerneli yasivunje programu za watumiaji. Programu iliyojengwa enzi za kerneli 5.10 kwa kawaida itatembea kwenye 6.12 bila kuguswa.

Kazi iko kwa moduli, vipande vya msimbo vinavyoingia ndani ya kerneli, ilhali msimbo wake unatunzwa nje: draiva za NVIDIA, VirtualBox, mfumo wa faili wa ZFS, draiva ya Wi-Fi `wl` ya Broadcom. Huko ndani hakuna ahadi yoyote ya uthabiti, na wasanidi wamekataa makusudi kuitoa. Muundo mmoja wa data ukiongezewa kipengele, moduli ya jana itasoma kumbukumbu mahali pasipo pake. Ndiyo sababu kila moduli hubeba muhuri uitwao vermagic (utazame kwa `modinfo -F vermagic zfs`), na usipolingana na wa kerneli, moduli hukataliwa. Wapo wanaolazimisha kwa `modprobe --force`. Kwa moduli ya mfumo wa faili, huo ni wazimu.

Kwenye Debian na Ubuntu kazi hii hufanywa na DKMS, zana inayojenga moduli upya kila kerneli mpya inapowekwa, iliyobuniwa Dell mwaka 2003. Mara nyingi hutaiona ikifanya kazi, na hapo ndipo watu hujisahau. DKMS haiwezi kujenga chochote bila vichwa (faili za maelezo zinazohitajika kujenga moduli) vya kerneli ile ile mpya. Ukisasisha kerneli na `linux-headers` ikabaki nyuma, ujenzi hurukwa, onyo linapita katikati ya mistari mia ya apt (zana ya kusakinisha programu), nawe unawasha upya na kukuta skrini nyeusi. Basi endesha `dkms status` kabla ya kuwasha upya, na utafute jina la kerneli mpya. Lisipokuwepo, weka vichwa kisha `dkms autoinstall -k` ukifuatisha toleo hilo. Usitegemee `uname -r` hapo: inataja kerneli inayotembea sasa, yaani ile ya zamani.

Gentoo, Linux ambayo programu zake hujengwa kutoka msimbo, wana amri nzuri, `emerge @module-rebuild`, lakini ina mtego wake. Moduli hujengwa kwa kufuata kiungo cha `/usr/src/linux`. Kama bado kinaelekea kwenye msimbo wa zamani, utajenga kila kitu vizuri kabisa, kwa kerneli unayoiacha. Anza na `eselect kernel list`.

Mwenye mzizi wa mfumo (`/`, mahali mfumo wote unapokaa) juu ya ZFS awe mwangalifu zaidi. Kwanza ahakikishe toleo lake la ZFS linaikubali kerneli hiyo, maana mara nyingi ZFS huchelewa nyuma ya kerneli. Kisha moduli ijengwe, ndipo initramfs, ule mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwanza mashine inapowaka, itengenezwe. Ukigeuza mpangilio, mashine itaamka isiuone mzizi wake. Kerneli ya zamani usiifute mpaka mpya iwe imewaka salama.

Na kama moduli imejengwa, muhuri unalingana, lakini `modprobe` inajibu `Key was rejected by service`, usijenge tena. Hiyo ni Secure Boot, ulinzi unaokubali msimbo wenye sahihi tu: moduli inataka sahihi, na ufunguo wake usajiliwe kwa `mokutil --import`.