Ridhaa ya mtoto katika utafiti ni nini?

Anayetaka kumhoji mtoto kwa ajili ya utafiti huhitaji ruhusa mbili. Mzazi au mlezi hutoa ridhaa, kwa sababu sheria za Tanzania na Kenya humhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18. Kisha mtoto mwenyewe aulizwe kama anakubali, na kukubali kwake ndiko ridhaa ya mtoto. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, mahojiano hayafanyiki, na saini ya mzazi haibadilishi kitu.

Ridhaa huharibika mara nyingi pale fomu inaposomwa haraka, kisha mtoto akaulizwa, "Umeelewa?" Mtoto aliyefundishwa kumheshimu mkubwa atajibu ndiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake mtazungumza nini, kwa muda gani, na afanye nini akitaka kuacha. Akishindwa hilo la mwisho, anza upya. Kama kuna zawadi ya daftari au soda, apewe hata aliyeacha katikati, la sivyo imegeuka chambo. Na mwalimu asiwe ndiye anayewachagua watoto wala asikae chumbani.

Jambo gumu ni pale anayemdhuru mtoto anapokuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Ukimweleza mlezi kila swali, huenda umemweka mtoto hatarini usiku huo huo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, kwa vijana wa miaka 13 hadi 24, ulipita hapo kwa uangalifu. Mkuu wa kaya aliambiwa kwamba utafiti unahusu afya, elimu na maisha ya vijana, na kijana akapewa maelezo kamili akiwa peke yake. Kila kaya alihojiwa mtu mmoja tu. Wasichana na wavulana walihojiwa katika maeneo tofauti, ili aliyefanya ukatili na aliyefanyiwa wasijikute wote katika utafiti mmoja. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kwa hiyo mhoji yeyote atakutana nao, ajue au asijue.

Ndiyo maana usimwahidi mtoto siri isiyo na mipaka. Mwambie kabla ya swali la kwanza: ukiniambia uko hatarini, nitalazimika kumtafuta mtu wa kukusaidia, na nitakwambia ni nani. Mtu huyo awe amepatikana kabla ya kwenda uwandani: afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya bure ya msaada kwa watoto, 116. Nenda ofisini, piga namba, uone kama inapokelewa. Karatasi yenye orodha ya huduma unayomwachia mtoto ichanganye zahanati, elimu na msaada wa kisheria, ili ikikutwa mfukoni mwake isimfichue.