Kufuta programu kwenye simu si kusitisha malipo

Wakazi wengi wa Nairobi wanaotaka kupunguza matumizi huamini kwamba ukifuta programu ya filamu au muziki kwenye simu, malipo yake ya kila mwezi nayo hukoma. Ni imani inayoeleweka, kwa kuwa kisichoonekana tena huhesabiwa kuwa kimekwisha. Hata hivyo, makubaliano ya malipo hayakai ndani ya programu. Yamo katika akaunti uliyofungua na katika kadi au namba uliyoidhinisha ikatwe, na kwa hiyo makato huendelea hadi utakapositisha usajili wenyewe. Majaribio mengi ya bure nayo hugeuka kuwa ya kulipia muda wake unapokwisha.

Ili kuhakikisha, fungua mipangilio ya akaunti unayopakulia programu, utafute sehemu ya usajili, kisha uchukue taarifa ya benki au ya pesa za simu ya miezi 3 na kupigia mstari kila kiasi kinachojirudia. Shilingi 300 zinazokatwa alfajiri mara moja kila mwezi, ujumbe wake ukaupita bila kuusoma ukiwa kwenye matatu kutoka Rongai, ni shilingi 3,600 kwa mwaka.

Kwangu mimi, bei si kipimo cha kwanza: gazeti linalosomwa na nyumba nzima laweza kubaki hata likiwa ghali, ilhali huduma nafuu isiyofunguliwa tangu Januari haina sababu ya kubaki. Ukishasitisha, hifadhi ujumbe wa uthibitisho; kwa kawaida huduma hubaki wazi hadi mwisho wa kipindi ulicholipia, hivyo hakuna haja ya kungoja siku ya mwisho.