Kosa moja, vicheko viwili

"Mwalimu, nimesahau karamu nyumbani."

Darasa likaangua kicheko. Mimi, niliyekaa nyuma kumkagua mwalimu mwanafunzi katika skuli moja ya Chake Chake, nikajikuta natabasamu. Mtoto mwenyewe ni wa askari aliyehamishiwa Pemba; kwao ni Wakurya. Mwenzake akamalizia: "Mmakonde huyo!" Mkurya kaitwa Mmakonde, kabila jingine kabisa, ili adharauliwe tu. Hapo hapakuwa tena na suala la matamshi.

Kikurya hakitenganishi l na r, ndiyo maana sikio lililolelewa na lugha hiyo halisikii tofauti, kama wengi wetu tusivyosikia vokali mbili za Kiingereza ambazo kwetu zote ni "i" tu. Kwa hiyo kumwambia mtoto "sema vizuri" ni kazi bure. Kufundisha huanza na sikio: mwalimu anatamka kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu, na wanafunzi wananyanyua mkono wa kushoto au wa kulia kuonesha walichosikia. Kutamka kunafuata siku nyingine. Na wafanye wote, asisimamishwe yule mmoja. Ukimsimamisha, umemfanya tamasha, hata nia yako ikiwa njema.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Nenda Forodhani, bustani ya ufukweni mjini Unguja, jioni, Mzungu aseme "asanti sana" huku akikosea kila kitu, utasikia "anajua Kiswahili huyu!" Anayetoka bara akisema "zambi" badala ya dhambi, anaitwa mshamba. Tunampima msemaji, kisha ndiyo tunatafuta kosa.

Wala Wazanzibari wenyewe hawasalimiki. Tangu Kiunguja cha mjini kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mtoto wa Micheweni huku Pemba au Makunduchi kule Unguja anaandikiwa mkwaju mwekundu kwa neno la bibi yake. BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili Zanzibar, imeshatoa makamusi ya Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu. Neno likiwamo humo, mimi huandika pembeni "Kipemba", na chini yake neno sanifu. Mtihani unataka sanifu, sikatai. Lakini hilo si kosa.

Wiki iliyofuata nilipewa kidato cha tatu. Niliandika ubaoni mstaarabu, nikawataka walipasue neno. Haikuchukua muda wakaiona "arabu" imekaa mwishoni: asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Kimya. Kisha msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo babu yangu wa Kimakonde alikuwa hana ustaarabu mpaka lini?" Wenzake wakaanza kutafuta neno mbadala, wakakubaliana kwa furaha: muungwana.

Ikabidi niwaambie kwamba muungwana, zamani, ni yule ambaye si mtumwa. Kengele ikalia tukiwa bado tunabishana.