Bustani ya mvua si pambo: dhana potofu na ukweli kuhusu maji ya mvua mijini

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba miundombinu ya kijani, yaani bustani za mvua na vitu vingine vinavyojengwa ili kuyapokea na kuyanyonya maji ya mvua mijini, ni jina jipya la kupamba mji kwa maua. Ukweli ni kwamba kazi kubwa hufanyika chini ya udongo. Katika bustani za mvua za kando ya barabara jijini Philadelphia, Marekani, ukingo wa zege huachiwa mwanya ili maji yanayotiririka juu ya lami yapate pa kuingilia. Ndani hukutana na mawe yanayoyapunguza kasi, kisha hunywea kwenye udongo wenye mchanga na kushuka hadi tabaka la kokoto, ambako hutulia mpaka ardhi iyanywe. Mizizi ya mimea huuzuia udongo usishikamane, kwa hiyo hata ua lina kibarua chake.

Philadelphia ilikuwa na sababu nzito. Katika takriban asilimia 60 ya jiji hilo, bomba moja hubeba majitaka na maji ya mvua kwa pamoja, na mvua ikizidi uwezo wa bomba, mchanganyiko huo humwagika kwenye mito ya Delaware na Schuylkill. Mwaka 2011 jiji lilianza mpango wa miaka 25 wa kuyadaka maji ya mvua pale pale yanapoanguka.

Wapo wanaodharau bustani ndogo wakidhani haiwezi kupunguza kitu. Wapige hesabu: paa la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 25, hutoa lita 2,500, na nyumba kumi za mtaa mmoja hutoa lita 25,000 ambazo zote hugombania mtaro uleule kwa wakati mmoja. Kila bustani inayodaka sehemu ya maji hayo huupunguzia mtaro mzigo.

Wengine huhofia kwamba bustani hizi zitazalisha mbu. Hofu hiyo inaeleweka kabisa kwetu tunaoishi na malaria, lakini bustani iliyojengwa vizuri hukauka ndani ya saa 72, ilhali yai la mbu kwa kawaida huhitaji wiki moja au zaidi hadi kuwa mbu anayeruka. Maji yakikaa zaidi ya saa hizo 72, bustani hiyo ina kasoro na inapaswa kurekebishwa.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi hutoka kwa watetezi wenyewe wa miundombinu hii, wanaoahidi kwamba itamaliza mafuriko na mitaro haitahitajika tena. Zhengzhou, China, ni mji uliokuwa umewekeza katika mpango wa kuufanya unyonye maji kama sifongo, lakini tarehe 20 Julai 2021 ulinyeshewa milimita 201.9 kwa saa moja, na maji yakaua watu hadi ndani ya treni za chini ya ardhi. Bustani na vigae vinavyopitisha maji hufaa sana kwa mvua za kawaida, ambazo ndizo nyingi. Kwa mvua ya namna ile bado inahitajika mitaro mipana, mabonde yasiyojengwa nyumba, na tahadhari inayowafikia watu mapema.

Tena si kweli kwamba bustani ikishapandwa hujitunza yenyewe. Mwanya ule wa ukingoni ukizibwa na majani, mchanga na mifuko ya plastiki, maji huupita na kuendelea na safari yake juu ya lami, hata kama mimea iliyo ndani imestawi.