Kupita mbio katikati ya magari hakupunguzi hatari
Motari wengi wa Goma, yaani waendesha pikipiki za abiria, huamini kwamba, foleni ikisimama kuelekea mtaa wa Birere, ni salama zaidi kupita mbio katikati ya magari, kwa kuwa muda wa kukaa hatarini huwa mfupi. Hoja hiyo si ya kipuuzi, ila inasahau breki: kwa kilomita 30 kwa saa pikipiki husogea mita 8 kila sekunde, na sekunde nzima inaweza kupita kabla mkono haujabana breki, ilhali mlango wa teksi hufunguka mita 2 mbele. Tena dereva anaweza asimwone motari; anayetaka kuhakikisha hilo aketi kwenye usukani wa gari lililosimama, mwenzake atembee ubavuni kutoka nyuma. Pana mahali atatoweka katika vioo vyote, na kwa magari yenye usukani wa kulia, ambayo hapa hayakosekani, upande wa kushoto huonekana kwa shida zaidi.