Je, wajua kwa nini mwalimu anaruhusiwa kutoa kopi kurasa za kitabu bila kumuomba mchapishaji?

Ukifungua kitabu chochote cha shule kurasa za mwanzo unakutana na lile onyo, haki zote zimehifadhiwa, usinakili wala kurudufu bila idhini. Sasa mwalimu katoa kopi kurasa chache kagawia darasa, kavunja sheria? Wengi wanajibu ndiyo harakaharaka, ila sheria yenyewe haisemi hivyo.

Cheki kilichotokea India. Chuo Kikuu cha Delhi kuna duka la fotokopi linaitwa Rameshwari, wahadhiri walikuwa wanapanga vya kusoma, sura moja ya kitabu hiki, kurasa kadhaa za kile, duka linatoa kopi linazibana pamoja na mwanafunzi analipia kopi tu basi. Mwaka 2012 wachapishaji watatu, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis wakalishtaki duka pamoja na chuo. Hata Amartya Sen, mwanauchumi maarufu wa India ambaye Oxford wamemchapishia vitabu, aliwaomba waachane na hiyo kesi.

Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikaitupa. Jaji alisema kama mwanafunzi anaruhusiwa kukaa maktaba akanakili kwa mkono, basi kutumia mashine kwa kazi hiyohiyo hakuwezi kuwa kosa. Desemba majaji wa rufaa wakataka baadhi ya mambo yasikilizwe upya, lakini wakasema sheria yao haijaweka asilimia yoyote, kinachoangaliwa ni je, ulichonakili kinahitajika kwenye somo? Machi 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi wenyewe.

Na hii siyo huruma ya majaji jamani, sheria ya kwanza kabisa ya hakimiliki, ya Uingereza 1710, ilitungwa ili kuhimiza elimu, imeandikwa kwenye jina lake kabisa!

Huku kwetu nako mlango upo. Sheria ya Kenya ya 2001 inaruhusu kitabu cha mkusanyiko wa shule kichukue vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja, mradi utaje jina la kazi na mwandishi. Tanzania, sheria ya 1999 inakubali kutumia kazi ya mtu kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi ambacho somo linahitaji, na chanzo kitajwe.

Ila kuskani kitabu kizima cha kiada ukakiuza pdf kwenye magrupu ya WhatsApp hakumo humo, hata kama wanunuzi wote ni walimu, na mimi hilo linaniuma kwa sababu mwandishi kakaa miaka anaandika halafu hapati hata senti. Kwa hiyo mwalimu wangu, toa kopi ya ile shairi au ramani unayofundisha wiki hii bila woga, na chini ya karatasi andika jina la kitabu, mwandishi na ukurasa.