Klabu ya 42

Kila ikifika Machi, kwenye kundi letu la WhatsApp lazima mtu aniulize: "Kaka, unaishi Glasgow, Celtic hiyo hapo mlangoni, unafuata nini kwa timu zinazoburuza mkia daraja la nne?" Jibu la haraka ni kwamba huko ndiko kibarua kilipo. Mimi ni mchambuzi wa mechi kwa video. Nakata vipande, nahesabu, namwonyesha kocha jambo ambalo alishaliona uwanjani ila hakutaka kuliamini. Timu kubwa zina chumba kizima cha watu wa kazi hii. Timu ndogo zina mimi, laptop yangu na nauli ya treni.

Jibu la pili ni refu kidogo, na linahusu namba 42.

Ligi ya Uskoti, SPFL, ina klabu 42 katika madaraja manne. Premiership ina timu 12, halafu Championship, League One na League Two zina timu 10 kila moja. Anayeshika mkia League Two ndiye Klabu ya 42. Hashuki papo hapo. Anakaa anasubiri, huku bingwa wa Highland League ya kaskazini na bingwa wa Lowland League ya kusini wakikutana nyumbani na ugenini. Mshindi wao ndiye anayemkabili Klabu ya 42 kwa mechi mbili, na atakayeshindwa yuko nje ya SPFL. Yaani msimu wenye mechi 36 unaishia kuamuliwa kwa dakika 180.

Utaratibu huu ulianza msimu wa 2014/15. Kabla ya hapo mlango wa chini ulikuwa umefungwa, ukishaingia umeingia. East Stirlingshire, klabu ambayo Alex Ferguson alianzia ukocha wake mwaka 1974, ilimaliza ya mwisho misimu mitano mfululizo, kuanzia 2003 hadi 2007. Msimu wa 2003/04 ilivuna pointi 8 katika mechi 36. Zama hizo ilijulikana kwa kuwalipa wachezaji wake pauni 10 kwa wiki, pesa ambayo haitoshi hata mafuta ya gari ya kwenda mazoezini. Na bado kila Agosti ilirudi kwenye ligi ile ile kama vile hakuna kilichotokea. Kushika mkia ilikuwa aibu tu, unainamisha kichwa, maisha yanaendelea.

Mlango ulipofunguliwa, wao ndio walikuwa wa kwanza kuupitia. Mwaka 2016 walitoka sare ya 1-1 na Edinburgh City, kisha wakafungwa 1-0 kwenye mechi ya marudiano kwa penalti ya dakika za lala salama. Basi. Hadi msimu wa 2024/25 unakwisha walikuwa hawajarudi.

Kuna wanaosema mchujo huu ni huruma, kwamba aliyeshika mkia anapewa nafasi ya pili. Mimi sikubali. Mpinzani wake amekaa miezi minane akishinda, vijana wake wanaingia uwanjani wakijua bao litapatikana tu. Klabu ya 42 imekaa miezi hiyo hiyo ikichapwa. Tangu 2015 hadi 2025 mchujo umechezwa mara kumi, maana 2020 korona iliufuta, na mara sita Klabu ya 42 imeng'oka. Berwick Rangers, timu ya mji ulio upande wa Uingereza wa mpaka lakini inacheza Uskoti, ile iliyoitoa Rangers ya Glasgow kwenye Kombe la Uskoti mwaka 1967, ilikandamizwa na Cove Rangers jumla ya mabao 7-0 mwaka 2019. Hiyo huwezi kuiita nafasi ya pili.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana watu wengi wakiona timu inazama wanamtazama kocha. Kibarua chake kinaota nyasi, anafukuzwa Novemba, anakuja mwingine, naye Februari anaanza kuongea kama yule wa kwanza. Mimi siku hizi natazama kwanza tarehe za mikataba.

Kuna klabu moja niliyoifanyia kazi, jina lake nalibakiza moyoni. Ilikuwa timu ya nusu kulipwa, kama karibu zote za ngazi ile: mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku kwenye nyasi bandia za kukodi, nusu ya uwanja, nusu nyingine ni watoto wa shule. Mchana wachezaji ni mafundi bomba, walimu, vijana wa ghalani. Jumanne moja ya Januari walifika kumi na mmoja tu, makipa wawili wakiwamo. Mmoja alikuwa zamu, mwingine gari lake liligoma barabarani, wengine hata sababu hawakutoa. Kocha alikuwa amepanga kufundisha namna ya kujilinda kwenye kona. Ukiwa na watu kumi na mmoja utamfundisha nani kumkaba nani? Akaokota vizibao vyake, wakacheza ndondo ya watano watano.

Wachezaji wengi pale walikuwa na mkataba wa mwaka mmoja, na wengine kadhaa walikuwa vijana wa mkopo kutoka timu kubwa. Maana yake, ikifika Mei, karibu chumba kizima cha kubadilishia nguo hakina anayejua Juni atakuwa wapi. Timu ikishuka daraja, mwenye mkataba wa miaka mitatu anashuka nayo. Wa mwaka mmoja anahama tu.

Niliiona hiyo kwa macho, kwenye kazi yangu mwenyewe. Wiki ya pili ya Machi, mshambuliaji wetu alinifuata kwenye maegesho baada ya mazoezi, mvua inanyesha ya mshazari kama kawaida ya huku. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Unaweza kunikusanyia mabao yangu na zile krosi nzuri kwenye video moja? Dakika tatu hivi." Nikamwambia sawa. Wiki ile ile wakaja wengine wanne, kila mmoja peke yake, kila mmoja kwa sauti ya chini. Sikumwambia kocha. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Vijana wana watoto, wana kodi za nyumba, na mpira wa ngazi hii haukungoji. Lakini usiku ule nikiwa nakata vile vipande nilielewa kwamba mchujo tumeshaucheza, tena kwa siri.

Na ukijua hilo, video za mechi zinaanza kusomeka. Chukua beki wetu wa kulia. Agosti, akipewa mpira mguuni, alikuwa anainua kichwa na kumchomekea winga mbele yake. Mara mbili tatu kwa mechi anaupoteza, hakuna neno, anarudi anaomba tena. Machi, mpira ule ule, nafasi ile ile, winga yuko huru amenyoosha mkono. Beki anainua kichwa, anamwona. Nimesimamisha picha mara nyingi, macho yake yanamwona kabisa. Halafu anageuka anamrudishia kipa. Kipa anapiga mbali. Mpira unarudi. Kwenye takwimu pasi ile imeandikwa imefika, asilimia zake ni nzuri kuliko za Agosti. Mtu asiyejua atasema beki huyu ameimarika.

Hofu kwa mchezaji huonekana hivyo. Hakuna anayetetemeka. Kila mmoja anachagua kitu ambacho hakitamfanya aonekane yeye ndiye aliyekosea, na ukijumlisha chaguo kumi na moja za namna hiyo unapata timu isiyofunga bao mechi tano. Na kwa kuwa League Two kila timu inakutana na kila mwenzake mara nne, ikifika Aprili hakuna asiyejua kwamba ukiwabana hawa watarudisha nyuma.

Inawezekana kutoka humo. Montrose walikuwa Klabu ya 42 ya kwanza kabisa, mwaka 2015, wakaponea chupuchupu kwa Brora Rangers jumla 3-2 baada ya kufungwa mechi ya kwanza. Miaka mitatu baadaye walikuwa mabingwa wa League Two. Lakini ukifuatilia Brechin City utaona mteremko unavyokuwa mrefu. Mwaka 2017 walipanda Championship kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Alloa, ilhali kwenye ligi walimaliza nafasi ya nne. Msimu uliofuata walicheza mechi 36, wakapata sare nne, hawakushinda hata moja. Wakashuka. Mwaka uliofuata wakashuka tena. Mwaka 2020 walikuwa mkiani korona ikawaokoa, na 2021 Kelty Hearts wakawamalizia kazi. Uwanja wao, Glebe Park, una ua wa miti iliyokatwa vizuri kandokando ya uwanja, kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye soka, na sasa ua huo unatazama mechi za Highland League.

Kuna jambo moja nalifikiria sana kuhusu Cowdenbeath. Ni mji wa Fife uliojengwa na makaa ya mawe, na machimbo yalishafungwa. Mashabiki kwa utani wanaiita timu yao Blue Brazil. Msimu wa 2014/15 ilikuwa Championship, daraja moja na Rangers, Hearts na Hibernian, na Februari ile Hearts iliipiga 10-0. Ikashuka, ikashuka tena, na 2017 ikawa Klabu ya 42. Ikanusurika kwa penalti mbele ya East Kilbride. Mwaka 2018 ikawa tena Klabu ya 42, ikanusurika kwa Cove Rangers, 3-2. Nadhani kule kunusurika mara mbili kuliwaponza. Ukishatoka salama mara mbili unaanza kuamini kwamba una dawa. Mei 2022 Bonnyrigg Rose wakawafunga jumla 4-0, na miaka 117 ndani ya ligi ikaishia hapo. Bonnyrigg wenyewe walirudi chini 2025, msimu ambao walikatwa pointi sita kwa ajili ya uwanja wao wenye mwinuko. Hakuna anayekaa kwa raha kwenye ngazi ya mwisho.

Anachopoteza aliyeng'oka ni zaidi ya jina. Mgao wa fedha za ligi unakatika. Nafasi ya moja kwa moja kwenye makundi ya Kombe la Ligi, ambako Julai unaweza kupangwa na timu kubwa na kuuza tiketi zako zote, inakwenda. Na ili urudi lazima uchukue ubingwa wa ligi yako, umtoe bingwa wa upande mwingine, kisha umtoe Klabu ya 42 mpya. Brechin walichukua ubingwa wa Highland 2023 na bado wakatolewa na Spartans, mabingwa wa Lowland.

Nilikwenda Central Park ya Cowdenbeath tayari wakiwa Lowland League. Jukwaa liko mbali na nyasi, kwa sababu kati yenu na mchezo kuna njia ya lami ya mashindano ya magari, na mpira ukitoka mtu anaukimbilia ng'ambo ya lami. Nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye skafu ya bluu, pai mkononi. Nikamuuliza mzee, anaonaje, watarudi? Akatafuna kwanza. Akasema Jumamosi ijayo ni ugenini, basi linaondoka saa nne asubuhi, kama nataka nafasi zipo.